Tupu Si Sifuri: Kuliuliza Daftari la Maziwa Bila Seva

Hotuba kwa makarani wa vyama vya wafugaji na vijana wa programu, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, vijana mliotoka Pongwe, Muheza, Mabawa na Makorora, na ninyi wanafunzi wa Buhuri mliokaa nyuma pale, habari za asubuhi.

Nimeombwa niwazungumzie kompyuta, nami nitaanza na maziwa, maana ndiyo yaliyotukutanisha. Mfugaji anafika kituoni na kidumu chake. Karani anatumbukiza laktomita aone kama yametiwa maji, anayajaribu kwa spiriti aone kama yameanza kuchacha, kisha anaandika: tarehe, namba ya mwanachama, kituo, zamu, lita, maelezo. Mwisho wa mwezi mfugaji anarudi na swali moja tu: "Nina shilingi ngapi?" Swali hilo ni haki yake. Yote nitakayosema leo yanahusu namna ya kulijibu upesi na kwa ukweli, kwa kompyuta ileile iliyopo ofisini, bila seva, yaani kompyuta ya mbali, ya kulipia kila mwezi na bila kusubiri bando.

Data hizi zikitoka katika mfumo mmoja kwenda mwingine, mara nyingi husafiri ndani ya faili la CSV. Wengi wenu mnalo, hata kama hamkuwahi kulitazama kwa karibu. Ni maandishi matupu. Kila mstari ni tukio moja, na mkato ndio unaotenga kisanduku na kisanduku. Halina rangi, halina fomula, halina kurasa, na ndiyo maana limedumu. Kompaila ya Fortran ya IBM, yaani programu inayotafsiri lugha ya Fortran ili kompyuta iielewe, ilikuwa ikisoma data zilizotengwa kwa mikato tangu mwaka 1972. Hata hivyo kanuni za CSV ziliandikwa rasmi mwaka 2005, mwezi Oktoba, katika waraka unaoitwa RFC 4180. Kwa zaidi ya miaka thelathini kila mtu alikuwa na CSV ya kwake, na wengi bado wanayo. Wapo wanaotenga kwa nuktamkato. Wapo wanaoandika lita tisa na nusu kwa mkato badala ya nukta, na hapo kisanduku kimoja kinageuka viwili.

Tazameni mstari huu ubaoni:

2025-03-14,TG-0217,Pongwe,jioni,0,"Yalichacha, yakarudishwa"

Hesabuni visanduku. Ni sita. Ndani ya maelezo kuna mkato, lakini karani amefuata kanuni: maneno yenye mkato huzungushiwa alama za mtajo, na msomaji wa faili anajua kwamba mkato ulio ndani ya alama hizo ni wa sentensi, si wa kutenga. Ziondoeni alama hizo, mstari unakuwa na visanduku saba. Programu inayokata kila inapoona mkato haitalalamika. Itasogeza tu. Na kama safu ya bei ingefuata baada ya maelezo, neno "yakarudishwa" lingekaa mahali pa bei. Kijana akiniambia kwamba kusoma CSV ni kazi ya mstari mmoja wa kodi, yaani maandishi ya programu, kata kwenye mkato basi, namwomba asiguse malipo ya mtu yeyote mpaka ameusoma waraka ule. Ni mfupi.

Sasa, wengi mtasema, "Sisi tunafungua kwa Excel, yatosha." Excel ni chombo kizuri na mimi mwenyewe ninaitumia. Lakini faili la CSV halisemi safu hii ni namba na safu ile ni maandishi. Anayelifungua ndiye anayekisia. Excel hukisia kwa haraka. Namba ya simu inayoanza na 07 inaonekana kwake kuwa namba ya kawaida, basi sifuri ya mbele inaondoka. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na Excel inaweka tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho zinageuka sifuri. Ukishahifadhi faili hilo, zile tano hazirudi. Wanasayansi wa jeni walipambana na tabia hii kwa miaka mingi, majina ya jeni kama SEPT1 yakigeuzwa kuwa tarehe, mpaka mwaka 2020 kamati inayoyapa majina ikaamua kuyabadilisha majina yenyewe. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Uingereza ilitangaza kwamba wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana katika taarifa za kila siku, kwa sababu matokeo yalipitishwa katika aina ya zamani ya faili la Excel yenye mwisho wa mistari 65,536. Iliyozidi haikuingia, na watu waliokaa karibu na wagonjwa wale walichelewa kutafutwa.

Msidhani hayo ni ya wakubwa tu. Piga hesabu ya chama chenye wafugaji 400. Kila mmoja zamu mbili kwa siku, siku 365: mistari 292,000 kwa mwaka. Excel ya leo inapokea mistari 1,048,576 katika ukurasa mmoja. Miaka minne ya chama hicho ni mistari 1,168,000. Umeshapita.

Kanuni ninayowaomba muishike ni hii: namba isiyofanyiwa hesabu isiitwe namba. Simu hatuijumlishi, kitambulisho hatukizidishi, namba ya mwanachama hatuigawi. Hayo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, na yasomwe kama maandishi.

Hapo ndipo ninapowaletea Rust. Ni lugha ya programu iliyoanzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006 kama kazi yake binafsi, Mozilla ikaanza kuifadhili mwaka 2009, na toleo la 1.0 likatoka tarehe 15 Mei 2015. Ina maktaba ndogo, yaani kodi iliyokwisha kuandikwa ambayo wengine wanaitumia, inayoitwa csv, iliyoandikwa na Andrew Gallant, na kazi yake ni moja: kusoma na kuandika faili za namna hii kwa kanuni zake zote. Juu yake vijana wanaweza kujenga chombo chepesi cha kuuliza maswali, chenye mistari mia mbili au mia tatu ya kodi, kinachoingiza faili zima katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kinajibu, kisha kinafunga. Faili lililo kwenye diski halijaguswa. Ni kama mama anayemimina choroko kwenye ungo ili azichambue, na gunia limebaki pale lilipo. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko kasi. Karani anayeogopa kuharibu daftari hataliuliza maswali, na daftari lisiloulizwa halimsaidii mfugaji.

Katika Rust, kabla hujasoma mstari wowote, unatangaza umbo la mstari:

struct Pokezi {
    tarehe: String,
    mwanachama: String,
    kituo: String,
    zamu: String,
    lita: Option<f64>,
    maelezo: String,
}

Wasiojua programu wasihofu. Inasema: namba ya mwanachama ni maandishi, na lita ni namba ya desimali ambayo huenda ipo, huenda haipo. Neno Option ndilo linalobeba hilo "huenda". Kisanduku kikiwa tupu, programu inapata None, yaani hakuna. Kikiwa na 0, inapata Some(0.0), yaani kipo, nacho ni sifuri. Na kompaila haikuruhusu ujumlishe kabla hujasema utafanya nini pale ambapo hakuna.

Nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Mfugaji mmoja, zamu nne za jioni. Ya kwanza lita 8. Ya pili 0: alileta, yakawa yamechacha, yakarudishwa. Ya tatu kisanduku kitupu. Ya nne lita 10. Jumla ni 18, na katika jumla hakuna ugomvi. Ulizeni wastani. Ukihesabu sifuri na kuruka tupu, unagawa kwa tatu: wastani lita 6. Ukifanya tupu kuwa sifuri, unagawa kwa nne: lita 4.5. Ukifuta sifuri pamoja na tupu, unagawa kwa mbili: lita 9. Mtu mmoja, daftari moja, majibu matatu. Kamati ya mkopo inayotazama wastani ili iamue nani akopeshwe mtamba itampa huyu mkopo au itamnyima kutegemea kodi ya programu ambayo pengine aliyeiandika hakuwahi kuingia zizini.

Jibu sahihi ni lipi? Inategemea unachouliza. Kama unauliza ng'ombe wake wanatoa kiasi gani, zamu ya maziwa yaliyochacha haikupaswa kuhesabiwa kama ng'ombe hakutoa kitu. Kama unauliza kituo kinapokea kiasi gani kutoka kwake, sifuri ile ni kweli kabisa. Na kisanduku kitupu nacho kina siri yake: hakuleta, au alileta na karani hakuandika? Kwa hiyo nawaomba makarani, msiache tupu bila neno katika maelezo. Andikeni "hakufika". Andikeni "mizani mbovu". Hakuna lugha ya programu inayoweza kujua alichokusudia mtu aliyeacha nafasi wazi.

Lugha nyingine nazo zinasoma CSV, na sitaki vijana waondoke hapa wakizidharau. Lugha ya Python na maktaba yake ya pandas ni hodari sana kwa uchambuzi. Lakini ukiisomesha pandas safu ya namba kamili yenye visanduku vitupu bila kuiagiza aina, inaigeuza safu nzima kuwa ya desimali, na namba ya simu inatoka haina sifuri ya mbele na ina nukta na sifuri mwishoni. Unaweza kuizuia ukijua. Ninachoipendea Rust ni kwamba asiyejua pia anazuiwa. Mtu akiandika neno "haikupimwa" ndani ya safu ya lita, maktaba ya csv haimezi wala haikisii. Inarudisha kosa lenye namba ya rekodi, namba ya mstari na safu yenyewe. Mstari wenye visanduku saba mahali pa sita unakataliwa vivyo hivyo, usipoiagiza maktaba ilegeze masharti. Msilegeze.

Kuhusu kumbukumbu ya kompyuta, nitawapa hesabu ili msitishwe na mtu anayewauzia mashine kubwa. Mstari mmoja wa daftari letu ni kama herufi 60, basi mwaka mzima wa mistari 292,000 ni MB 17.5 kwenye diski. Ndani ya kumbukumbu unavimba. Kila String, yaani maandishi, katika Rust, kwenye kompyuta ya biti 64, inachukua baiti 24 kabla ya maandishi yenyewe: anwani yalipo, urefu wake, na nafasi iliyotengwa. Tuna String tano, baiti 120, na Option ya desimali baiti 16. Jumla 136. Zidisha kwa 292,000: karibu MB 40, kisha uongeze maandishi. Kompyuta yenye GB 4 inalibeba hilo bila kuhema.

Ukitaka kupunguza, anza na kituo. Chama kina vituo vitano, nawe umeandika jina la Pongwe makumi ya maelfu ya mara. Weka orodha moja ya majina ya vituo, na katika kila mstari weka baiti moja tu inayosema ni kituo cha ngapi. Faida ya pili ya njia hii ndiyo ninayoithamini zaidi. Programu inapotengeneza orodha ile, utaona kwamba una vituo saba, si vitano: "Pongwe", "PONGWE", na "Pongwe" yenye nafasi mwishoni ambayo jicho halioni. Maktaba ya csv inaweza kuagizwa ikate nafasi za pembeni za kila kisanduku. Herufi kubwa na ndogo mtazisawazisha wenyewe. Msipofanya hivyo, mtajumlisha Pongwe mara tatu katika mafungu matatu, kila fungu litakuwa dogo, na mtu wa makao makuu atasema Pongwe hawafanyi kazi.

Fedha zisihesabiwe kwa desimali. Kompyuta haiwezi kuandika sehemu moja ya kumi kwa ukamilifu katika mfumo wake wa mbili, na vipande vidogo vinavyopotea hukusanyika. Shilingi zihifadhiwe kama namba kamili. Na namba hiyo iwe ya biti 64. Ya biti 32 yenye alama ya hasi na chanya inaishia 2,147,483,647, na chama kinachokua kinafikisha shilingi bilioni mbili bila mtu kushtuka. Katika Rust, ukijaribu programu kwa namna ya majaribio, jumla ikipita kikomo programu inasimama na kusema. Ukiijenga kwa matumizi ya kawaida, isipoagizwa vinginevyo, inazunguka kimya na jumla inageuka hasi. Vijana, tumieni i64, yaani namba kamili ya biti 64.

Na maswali yenyewe? Mnaweza kuyaandika kwa SQL, lugha iliyotolewa na Chamberlin na Boyce wa IBM mwaka 1974, juu ya msingi aliouweka Codd mwaka 1970:

SELECT kituo, SUM(lita) FROM maziwa WHERE zamu = 'jioni' GROUP BY kituo

Karani akijifunza mstari huo mmoja, na namna ya kubadilisha kituo kuwa mwanachama, anajibu sehemu kubwa ya maswali ya mwisho wa mwezi. Ndani ya chombo chetu kazi yake si ya kutisha. Programu inapita mistari yote mara moja, inaacha isiyo ya jioni, na kwa kila kituo inaweka jumla inayoongezeka. Mistari laki tatu inakwisha kabla hujainua mkono kutoka kwenye kibodi. Kumbukeni tu kwamba SQL, ikipiga wastani, inaruka tupu na inahesabu sifuri. Hiyo ndiyo ile lita 6 yetu.

Chombo hiki kina mpaka, nao ni huu. Makarani watatu wakitaka kuandika kwa wakati mmoja, au mkitaka kujua nani alibadilisha nini na lini, hapo CSV haifai, mnahitaji hifadhidata. Anzeni na SQLite, aliyoitoa D. Richard Hipp mwaka 2000. Nayo ni faili moja, haihitaji seva, na ni bure.

Jambo la mwisho ni majina ya watu. Daftari hili lina simu na vitambulisho vya wanachama. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na haiwahusu wenye kampuni kubwa peke yao. Kila ninapoona karani anapakia orodha ya wanachama kwenye tovuti ya bure asiyoijua mwenyewe ili "imbadilishie faili", moyo unaniuma. Chombo kinachofanya kazi yote ndani ya kompyuta ya ofisi hakimpi mgeni jina la mtu.

Na programu ikikuta kosa, isirekebishe yenyewe. Itoe orodha: mstari huu, safu hii, kilichoandikwa ni hiki. Orodha ichapwe, irudi kituoni, karani aliyepokea maziwa afungue daftari lake la karatasi aseme ukweli. Sisi wa programu hatukuwepo.

Kesho saa tatu asubuhi tunaanza kazi hapahapa. Intaneti tutaihitaji mara moja tu, kupakua Rust na maktaba. Baada ya hapo chombo kitakachotoka tutakinakili kwenye flashi. Tangu toleo la 1.78 la Mei 2024, Rust inataka Windows 10 au ya juu zaidi, basi mwenye kompyuta ya Windows 7 aniambie leo, tumweke na mwenzake. Kila chama kilete nakala ya faili, lile la asili libaki ofisini. Na nakala iwe ya mwezi ambao mmeshaulipa, mje na vocha zake, ili kila jumla tutakayoipata tuilinganishe na shilingi alizopokea mfugaji mkononi.